Kununua gitaa zuri kwa fedha kidogo

Kwaya nyingi na vikundi vingi vya vijana huanza kwa sauti, makofi na ngoma. Baada ya muda wanachama huanza kusema, "Laiti tungekuwa na gitaa!" Michango huanza kukusanywa. Mmoja huleta fedha za mayai, mwingine za kibarua cha kupalilia, mwingine huuza kuku. Kwa kikundi cha watu ishirini, fedha hizo zinaweza kuwa akiba ya miezi mingi. Kwa hiyo ununuzi wa gitaa si jambo dogo. Likinunuliwa vibaya, fedha hupotea, na pamoja nazo hupotea imani ya wanachama kwa viongozi wao.

Katika kutembelea vikundi tumeona magitaa mengi yaliyotundikwa ukutani bila kupigwa. Tukiuliza sababu, mara nyingi tunaambiwa kwamba vijana hawana bidii au hawana kipaji. Lakini tukiyashika magitaa hayo, mara nyingi tunakuta jambo lingine. Nyuzi ziko juu mno, hivyo vidole vya mwanafunzi vinaumia kabla hajajifunza chochote. Au sauti haikai sawa, hivyo hata akishika vizuri, anachosikia ni kelele. Mwanafunzi hakushindwa. Alipewa chombo ambacho hata fundi wa muziki asingekipenda.

Gitaa zuri kwa mwanafunzi si lazima liwe la bei kubwa. Ni lile lenye mambo mawili: linashikika bila maumivu makubwa, na linakaa kwenye sauti yake. Mambo haya mawili yanaweza kupimwa dukani kwa rula, kipande cha karatasi na masikio yenu. Makala hii inaeleza namna ya kufanya hivyo.

Gitaa la bei ndogo si aibu

Watu wengine hudhani kwamba muziki mzuri unahitaji vyombo vya gharama. Historia inaonyesha vingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, katika Kongo. Mwenda alipiga gitaa moja tu lisilo la umeme na kuimba kwa Kiswahili, na muziki wake ukajulikana mbali sana na Katanga. Huko magharibi ya Kenya, George Mukabi na wenzake waliwachezesha watu kwa gitaa kavu, mwenzao akishika mdundo kwa chupa ya soda.

Wanamuziki wa zamani wa kwetu huliita gitaa la aina hiyo "galatoni". Jina hilo linatokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini. Tarehe 6 Julai 1957, katika sherehe ya kanisa la St Peter's, Woolton, mjini Liverpool, kijana John Lennon alikutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney. Gitaa alilolipiga siku hiyo lilikuwa Gallotone Champion, moja ya magitaa hayo ya bei ndogo.

Kwa hiyo msione haya kwa sababu mfuko wenu ni mdogo. Jambo la kuangalia ni kwamba kila shilingi ifanye kazi yake.

Kwanza, amueni gitaa ni la kazi gani

Mkienda dukani kabla ya kuamua, muuzaji ndiye atakayewaamulia. Kaeni pamoja na mjibu maswali haya:

- Nani atajifunza? Ni watoto, vijana au watu wazima?
- Litapigwa wapi? Ndani ya chumba kidogo, au nje mbele ya watu wengi?
- Je, mahali hapo pana umeme wa kutegemewa?
- Nani atafundisha, naye amezoea gitaa la aina gani?

Baada ya hapo chagueni kati ya aina tatu.

Gitaa la nyuzi za nailoni. Nyuzi zake ni laini kwa vidole na shingo yake ni pana. Linafaa sana kwa watoto na kwa mtu anayeanza kabisa. Sauti yake ni ya upole, hivyo haisikiki vizuri kwaya kubwa inapoimba kwa nguvu.

Gitaa la nyuzi za chuma. Sauti yake ni kali na husikika mbali zaidi. Linafaa kuongoza nyimbo katika mkutano. Vidole huuma katika majuma ya kwanza mpaka ngozi ya ncha iwe ngumu. Jambo hili ni la kawaida, lakini maumivu yasizidi kiasi.

Gitaa la umeme. Nyuzi zake ni nyepesi kushika, nalo ndilo linalotumika kwa solo na rizimu katika bendi. Lakini peke yake halitoi sauti ya kutosha. Linahitaji kikuza sauti, waya wa kuunganisha na umeme. Kikundi kimoja tulichokitembelea kilikuwa na gitaa la umeme jekundu linalong'aa, lakini hakikuwa na kikuza sauti, na jenereta iliwashwa siku ya Jumapili tu. Hivyo vijana walikuwa na saa moja ya mazoezi kwa juma. Kama fedha zenu ni kidogo, anzeni na gitaa lisilo la umeme. Mtu aliyejifunza kwa hilo atahamia kwenye la umeme bila shida.

Angalieni pia ukubwa. Mtoto wa miaka minane hawezi kuukumbatia mwili wa gitaa la mtu mzima. Kuna magitaa madogo yanayoitwa "robo tatu". Kikundi chenye watoto na watu wazima kinaweza kutumia gitaa la kawaida la nailoni kwa wakubwa na la robo tatu kwa wadogo, fedha zikiruhusu. Kama yupo mtu anayetumia mkono wa kushoto, zungumzeni naye mapema. Wengi wao hujifunza kwa gitaa la kawaida, nalo hupatikana kwa urahisi zaidi.

Onyo muhimu

Msifunge kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Ni kama mtu mzima anayening'inia kwenye gitaa usiku na mchana. Nyuzi za nailoni huvuta karibu kilo 40 tu. Gitaa la nailoni likifungwa chuma, daraja litang'oka au shingo itapinda. Kwa sababu hiyo hiyo, nyaya za breki za baiskeli, ambazo vijana hutumia kwa magitaa ya kujitengenezea, zisifungwe kwenye gitaa la dukani.

Pili, gaweni fedha kabla ya kuondoka nyumbani

Vikundi vingi humaliza fedha zote kwenye gitaa lenyewe. Uzi wa kwanza ukikatika, muziki umekwisha. Sisi tunashauri fedha zigawanywe katika mafungu kumi. Mafungu saba yawe ya gitaa. Mafungu matatu yabaki kwa ajili ya:

- seti moja au mbili za nyuzi za akiba
- mfuko wa kubebea
- malipo ya fundi atakayelirekebisha, kama itahitajika
- nauli ya watakaokwenda kununua.

Kwa mfano, kama mmekusanya shilingi 200,000, tafuteni gitaa la shilingi 140,000, na shilingi 60,000 zibaki kwa mambo mengine. Huu ni mfano wa hesabu tu. Bei hutofautiana kutoka mji hadi mji, kwa hiyo ulizeni katika maduka matatu au zaidi kabla ya kupanga.

Je, jipya au lililotumika? Kwa fedha zile zile, gitaa lililotumika mara nyingi huwa bora kuliko jipya, kwa sababu mwenye kwanza alikwisha kulipia upya wake. Lakini lililotumika linahitaji ukaguzi wa makini zaidi. Kama hakuna kati yenu anayejua kupiga, na hamna wa kumwomba awasindikize, ni salama zaidi kununua jipya katika duka linalokubali kurudishiwa bidhaa mbovu.

Msidanganyike na jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Jina linaweza kubandikwa na mtu yeyote. Yapo magitaa ya kuanzia yanayojulikana kwa kutengenezwa kwa uangalifu, kama vile Yamaha C40 ya nailoni na Yamaha F310 ya chuma. Hata hivyo, gitaa mnalopewa mkononi ndilo la kupima. Magitaa mawili ya jina moja yaliyotundikwa pamoja yanaweza kutofautiana.

Kuhusu mbao pia wauzaji husema mengi. Ubao wa mbele ndio unaotoa sauti kwa sehemu kubwa. Katika magitaa ya bei ya juu ubao huo ni mbao halisi. Katika yale ya bei ndogo ni tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja kama plaiwudi. Mbao halisi hutoa sauti nzuri zaidi, lakini hupasuka kwa urahisi hewa inapokauka. Plaiwudi huvumilia zaidi joto, unyevu na safari za kwenye basi. Kwa kikundi chenye fedha kidogo, na gitaa litakalopita mikono mingi, plaiwudi iliyogandishwa vizuri haina ubaya wowote.

Jueni sehemu za gitaa

Ili kuelewana na muuzaji na fundi, jifunzeni majina machache:

- Kichwa: sehemu ya juu yenye vikazio sita vya kukaza na kulegeza nyuzi.
- Kizingiti: kipande kidogo chenye mifereji sita, mahali kichwa kinapokutana na shingo. Nyuzi hupita juu yake.
- Shingo: sehemu ndefu ambayo mkono hushika.
- Freti: vipande vyembamba vya chuma vilivyolala kukatiza shingo. Huhesabiwa kuanzia kwenye kizingiti.
- Mwili: kasha lenye tundu.
- Daraja: ubao mdogo uliogandishwa mbele ya mwili, nyuzi zinapofungwa. Juu yake pana kipande chembamba, mara nyingi cheupe, ambacho nyuzi hulalia. Hapa tutakiita mto.

Uzi mwembamba kabisa ni wa kwanza. Mnene kabisa ni wa sita.

Tatu, pimeni dukani

Nendeni asubuhi, duka likiwa halina watu wengi. Chukueni rula ya shule, futi ya fundi cherehani na kipande cha karatasi. Muulizeni muuzaji kwa adabu kama mnaweza kulitoa gitaa kwenye mwanga. Mwombeni alirekebishe nyuzi kwanza, kwa sababu gitaa lenye nyuzi zilizolegea haliwezi kupimwa. Kisha fanyeni vipimo hivi kwa utaratibu.

1. Angalieni mwili wote. Tafuteni nyufa mbele, nyuma na ubavuni. Gongeni taratibu kwa kidole sehemu mbalimbali. Mkisikia mlio wa kitu kilichoachia, huenda fito za ndani zimeng'oka. Chunguleni ndani ya tundu. Vijitundu vidogo na unga wa mbao ni dalili ya bungua. Gitaa lenye bungua msilinunue kwa bei yoyote.

2. Pimeni daraja kwa karatasi. Jaribuni kuingiza ukingo wa karatasi chini ya daraja, upande wa nyuma. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Nyuzi zitaling'oa daraja siku moja.

3. Angalieni shingo. Bonyezeni uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili pale shingo inapoungana na mwili. Uzi uliovutwa hunyooka kama kamba ya mwashi. Tazameni katikati, karibu na freti ya 6 au ya 7. Nafasi kati ya uzi na freti iwe ndogo sana, kama unene wa kadi. Ikiwa ni kubwa, shingo imepinda mbele. Ikiwa hakuna nafasi kabisa na uzi unalalia freti zote, huenda imepinda nyuma. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana chuma ndani ya shingo kinachoweza kukazwa na fundi. Mengi ya nailoni hayana.

4. Pimeni urefu wa nyuzi. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote kwa mwanafunzi. Wekeni rula juu ya freti ya 12 na mpime nafasi kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa gitaa la chuma, uzi wa sita uwe kati ya milimita 2.5 na 3, na uzi wa kwanza karibu milimita 2. Kwa la nailoni, uzi wa sita uwe karibu milimita 4, na wa kwanza karibu milimita 3. Nafasi ikizidi milimita 5, mwanafunzi atateseka.

5. Pimeni umbali. Kwa futi ya cherehani, pimeni kutoka kizingiti hadi freti ya 12. Kisha pimeni kutoka freti ya 12 hadi kwenye mto. Vipimo hivi viwili vinatakiwa kukaribiana sana, kwa sababu freti ya 12 ndiyo katikati ya uzi. Magitaa mengi ya nailoni ya ukubwa kamili yana uzi wa milimita 650, hivyo freti ya 12 iko kwenye milimita 325. Kipimo cha upande wa mto kikizidi kwa milimita mbili au tatu, si kosa. Mafundi hufanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu uzi ukibonyezwa hunyooshwa kidogo na sauti hupanda. Lakini tofauti ikiwa sentimita nzima, daraja limewekwa mahali pasipo pake, na gitaa hilo halitaimba sawa kamwe.

6. Sikilizeni freti ya 12. Pigeni uzi ukiwa wazi, kisha bonyezeni freti ya 12 na mpige tena. Sauti iwe ile ile, ila ya juu zaidi, kama mwanamume na mwanamke wanapoimba sauti moja. Ikisikika kama watu wawili wasiopatana, jaribuni nyuzi nyingine. Zote zikiwa hivyo, liacheni. Zikiwa ni nyuzi za zamani zenye kutu, mwombeni muuzaji afunge mpya kabla ya kukata shauri, kwa maana nyuzi zilizochakaa hupotosha sauti.

7. Pigeni kila freti. Nyuzi 6 mara freti 12 ni sauti 72. Kazi hii inachukua dakika chache tu. Sikilizeni mahali uzi unapotetemeka dhidi ya chuma au unapokufa bila kulia. Mahali pamoja pabovu fundi anaweza kupatengeneza. Pakiwa pengi, tafuteni lingine.

8. Pitisheni mkono kando ya shingo. Ncha za freti zisikwaruze. Freti za gitaa lililotumika zisiwe na mashimo marefu chini ya nyuzi.

9. Zungusheni vikazio. Vizunguke kwa ulaini bila kuruka. Rekebisheni sauti, pigeni kwa nguvu kwa dakika tano, kisha sikilizeni tena. Nyuzi mpya hushuka katika siku za kwanza, hilo ni la kawaida. Lakini kikazio kinachorudi chenyewe ni kibovu.

Kama gitaa ni la umeme, au lina kifaa cha kuunganisha kwenye spika, liunganisheni pale pale. Zungusheni kila kitufe na mtikise waya. Sauti isikatike.

Kasoro zinazotengenezeka na zisizotengenezeka

Kujua tofauti hii huokoa fedha. Gitaa lenye kasoro ndogo linaweza kuuzwa kwa bei ya chini, na fundi mwangalifu akalifanya liwe zuri.

Zinazotengenezeka kwa gharama ndogo:

- Nyuzi zilizo juu kwa sababu mto ni mrefu. Mto hutolewa na kupunguzwa upande wa chini kwa msasa uliolazwa mahali palipo sawa. Ili uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, mto upunguzwe milimita 2. Punguzeni kidogo kidogo na mpime kila mara, kwa maana ukizidisha huwezi kurudisha.
- Mifereji ya kizingiti iliyo juu. Bonyezeni uzi kwenye freti ya tatu na mtazame juu ya freti ya kwanza. Nafasi iwe ndogo kama unywele. Ikiwa kubwa, fundi huongeza kina cha mfereji kwa tupa nyembamba.
- Nyuzi zinazonasa kwenye kizingiti wakati wa kukazwa. Pakeni risasi ya penseli ndani ya mifereji.
- Kikazio kimoja kibovu, au nyuzi zilizochakaa.

Zisizofaa kununuliwa:

- shingo iliyojipinda kwa upande kama parafujo
- ufa mahali shingo inapoungana na kichwa au mwili
- daraja lililowekwa mahali pasipo pake
- bungua
- ubao wa mbele uliovimba sana nyuma ya daraja au kuzama mbele yake.

Kama mji wenu hauna fundi wa magitaa, fundi seremala mwenye mikono mitulivu anaweza kufanya kazi ya mto na kizingiti. Mwelezeni vizuri na mkae naye anapofanya.

Nne, nunueni kwa uwazi

Fedha ni za wengi, kwa hiyo ununuzi usifanywe na mtu mmoja. Tumeona vikundi vikifanikiwa kwa kutuma watu watatu: mmoja anayejua kupiga, mweka hazina, na mwanachama wa kawaida. Mpigaji hupima, mweka hazina hulipa, na wa tatu hushuhudia. Kama kikundi hakina mpigaji, ombeni mwalimu wa kwaya ya jirani awasindikize, nanyi mmlipie nauli na chakula.

Msitume fedha kwa simu kwa ajili ya gitaa ambalo hamjaliona. Ombeni risiti yenye tarehe, aina ya gitaa na bei. Kabla ya kulipa ulizeni: likionekana na kasoro ndani ya juma moja, tutalirudisha? Jibu liandikwe nyuma ya risiti. Mkirudi, someni risiti mbele ya wanachama wote na mwonyeshe fedha zilizobaki.

Tano, litunzeni

- Joto ndilo adui mkubwa. Msiliache ndani ya gari lililofungwa, juani, au juu karibu na bati. Gundi hulainika na daraja huachia.
- Lisiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevu. Litundikeni kwenye ukuta wa ndani ulio mkavu, au liwe katika mfuko wake.
- Wakati wa safari ndefu, legezeni nyuzi kidogo. Msizitoe zote.
- Futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga. Jasho huleta kutu, hasa pwani.
- Badilisheni nyuzi mara zinapopata kutu au zinapokataa kukaa kwenye sauti.

Jifunzeni wote kurekebisha sauti. Nyuzi zikiwa wazi, kuanzia mnene, hutoa sauti za E, A, D, G, B na E. Zipo programu za simu za bure zinazopima sauti hizo. Bila simu, rekebisheni uzi wa sita kwa kinanda au kwa sauti ya mwalimu, kisha bonyezeni freti ya 5 kwenye uzi wa sita. Sauti hiyo ndiyo ya uzi wa tano ukiwa wazi. Endeleeni hivyo hivyo, freti ya 5 ya kila uzi ikitoa sauti ya uzi unaofuata. Kuna tofauti moja tu: kwa uzi wa tatu, bonyezeni freti ya 4 ili kupata sauti ya uzi wa pili.

Gitaa ni la nani?

Gitaa likishafika huzuka swali ambalo limevunja vikundi kadhaa. Anayejua kupiga hulichukua nyumbani, na baada ya miezi michache watu huliita gitaa lake. Wengine, hasa wasichana na watoto, hawaligusi tena. Amueni mapema na mwandike:

- linatunzwa wapi na nani ana ufunguo
- kila mwanachama ana siku gani ya kujifunza
- wasichana na wavulana wana zamu sawa
- nani analipia uzi uliokatika (tunashauri mfuko wa kikundi, ili mtu asiogope kujifunza)
- je, linaweza kuazimwa kwa arusi au msiba, na kwa masharti gani.

Daftari dogo la zamu linatosha. Mpigaji hodari naye apewe kazi ya heshima: kufundisha wawili kila mwaka. Akihama kijiji, muziki utabaki.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, katika eneo letu kuna chombo cha muziki kilichonunuliwa na sasa hakitumiki? Sababu ni wanafunzi, au ni chombo chenyewe?
2. Someni Luka 14:28–30. Ni gharama gani za gitaa ambazo tungeweza kuzisahau kabla ya kuanza?
3. Kati ya aina tatu za gitaa, ipi inafaa kwa kazi yetu na mahali petu? Kwa nini?
4. Ni watu gani watatu tungewatuma kununua? Tutajuaje kwamba fedha zimetumika vizuri?
5. Ni nani katika kikundi chetu asiyepata nafasi ya kujifunza kwa sasa? Tufanye nini ili naye alishike gitaa?

Orodha ya kwenda nayo dukani

Ikateni au iandikeni kwenye karatasi:

- Rula, futi ya cherehani, karatasi, kalamu
- Mwili: nyufa? bungua? mlio wa kitu kilichoachia?
- Daraja: karatasi inaingia?
- Shingo: imenyooka?
- Nyuzi kwenye freti ya 12: milimita ngapi?
- Kizingiti hadi freti ya 12, na freti ya 12 hadi mto: vinalingana?
- Sauti 72: zote zinalia?
- Vikazio: vinashika?
- Risiti na ahadi ya kurudisha
- Nyuzi za akiba na mfuko